Tiketi Si Hati ya Urithi

Johannesburg ni jiji lisilo na bahari. Limekaa juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,700, bila ziwa wala mto wa kupitisha hata ngalawa. Kilichowaleta watu hapa mwaka 1886 ni dhahabu, na dhahabu haikuhitaji maji ila ya kuoshea mawe. Ndiyo maana Julai iliyopita nilisimama, mikono mfukoni kwa baridi, mbele ya dirisha la wakala mmoja wa safari huko Rosebank. Dirishani palikuwa na picha ya meli nyeupe katikati ya milima ya barafu, na mbele yake ngwini wawili waliosimama kama mabawabu wa hoteli. Bei ya chumba cha daraja la chini kabisa ilikaribia mshahara wangu wa miezi minne. Nilicheka, nikaendelea na njia yangu.

Wiki tatu baadaye sikucheka. Nilipokea barua kutoka kampuni moja ya meli za kitalii, ambayo sina haja ya kuitaja, ikinialika niwe mhadhiri wa melini. Meli ingeng'oa nanga Cape Town, ingeteremka hadi kwenye barafu ya Antaktiki na kuishia Ushuaia, ncha ya Argentina. Kazi yangu ingekuwa kuzungumza jioni tatu, baada ya chakula, juu ya ubaharia wa Waswahili. Malipo yangekuwa chumba, chakula na koti jekundu. Nilikaa na barua ile siku tisa. Sitaki msomaji anidhanie kuwa mtu wa misimamo ya chuma, kwa maana kichwani mwangu nilikuwa nimeshakubali na kuanza kuchagua picha za majahazi.

Katika siku hizo tisa nilimpigia simu mama yangu, aliyezaliwa Tanga na kuzeekea Tanga. Nilimweleza habari za meli, barafu na ngwini. Akaniuliza: "Huko unakwenda kwa nani, mwanangu?"

"Hakuna mtu huko, Mama. Hakuna mwenyeji hata mmoja."

"Basi unakwenda kufanya nini?"

"Kuona."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimeshapata fundi wa kuziba paa.

Wenzangu niliowaonyesha barua hiyo hawakuuliza swali la mama. Karibu wote walinihimiza nikubali, na hoja yao ilikuwa moja: kwa miaka yote hii Mzungu peke yake ndiye aliyeona, sasa na sisi tuone. Mwafrika kwenye sitaha ya meli ile, walisema, ni dai. Ni kusema kwamba kusini ya dunia ni yetu pia. Naandika kuipinga hoja hiyo. Naipinga bila dharau, kwa sababu ina nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya iwe ya hatari.

Nianze na neno, maana ndilo lililo katika fani yetu. Katika Kiswahili mtu husafiri kwa sababu: kuna biashara, kuna maiti ya kuzikwa, kuna mchumba, kuna Makka, kuna shangazi aliye mgonjwa. Asiye na sababu huwa anatembea, na hakuna ubaya katika kutembea; ila hatuyaiti matembezi safari. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa na bunduki zake, neno letu lilikuwa tayari limeshavikwa kofia ya mwindaji. Tangu hapo limezunguka dunia likimaanisha kitu ambacho sisi wenyewe hatukukusudia: Mzungu, gari, mnyama na machweo. Sasa limefika barafuni. Katika vipeperushi vya kampuni iliyonialika nililikuta mara nne, likiwa jina la matembezi ya saa mbili kwa mashua ya mpira kutazama sili. Mimi ndiye niliyekuwa nikihitajika kulitia neno hilo uhalali, kwa lafudhi yangu, kila jioni baada ya kitindamlo.

Na ningezungumza nini hasa? Ubaharia wa mababu zetu ulikuwa elimu ya kurudi. Upepo wa kaskazi hukupeleka kusini na kusi hukurudisha, na anayejua pepo hizo anajua pia zinapokoma. Al-Masudi, aliyeisafiri Bahari ya Zanj katika karne ya 10, aliandika kwamba bahari hiyo inaishia Sofala. Wapo wasomi waliolisoma jambo hili kama woga au ujinga: eti Waswahili hawakuthubutu kupita hapo. Hawakupita kwa sababu zaidi ya pale pepo za msimu haziaminiki, mkondo wa bahari unavuta kusini kwa nguvu, na mwenye chombo ana deni la watu wake kuwarudisha nyumbani. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kusini walikuijua vizuri. Waliiita suheli, kwa jina la nyota iliyowaonyesha upande huo, na kusini yenyewe ikachukua jina la upepo. Kuufahamu mpaka ni elimu. Jambo hili lingechukizaje, nikilisema jioni ya kwanza, mbele ya watu waliolipa mamilioni ili waambiwe kwamba hakuna mpaka!

Lakini sipingi kwa sababu za lugha tu. Tazama mwaka 1959. Katika mwaka huo serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliitenga Ngorongoro, na Wamaasai waliokuwa wakiishi upande wa Serengeti wakahamishwa ili hifadhi ibaki na wanyama peke yao. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu kuhusu Serengeti, akaifundisha Ulaya kuiona nchi ile kama pori lisilo na mwenyewe. Na tarehe 1 Desemba ya mwaka huohuo, mjini Washington, nchi 12 zilitia saini Mkataba wa Antaktiki, zikaliweka bara zima kwa ajili ya amani na sayansi. Upande mmoja watu waliondolewa ili nchi ionekane tupu. Upande wa pili palikuwa patupu kweli, wakakaa wachache kugawana ufunguo. Leo pande zote mbili zinauzwa katika dirisha moja la Rosebank, kwa mteja yuleyule, na ninashuku kwamba hata suruali zenye mifuko mingi ni zilezile.

Kati ya nchi hizo 12, ya Afrika ilikuwa moja tu: Afrika Kusini ya makaburu. Iliuridhia mkataba ule Juni 1960, miezi mitatu baada ya polisi wake kuwapiga watu risasi Sharpeville, mwendo wa chini ya saa moja na nusu kwa gari kutoka mahali ninapoandikia. Waliotumwa kuishi katika kituo chake cha SANAE wakati wa giza refu la majira ya baridi walikuwa wanaume wa Kizungu. Kwa miongo mitatu, sauti ya Afrika katika mambo ya Antaktiki ilikuwa sauti ya serikali ambayo Afrika nzima ilikuwa haiitambui kuwa yake.

Afrika haikunyamaza, na hapa ndipo ninapowalaumu wenzangu kwa kusahau. Mwaka 1982 Mahathir Mohamad, Waziri Mkuu wa Malaysia, alisimama katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akasema kwamba bara lile si mali ya wachache waliofika kwanza. Mwaka 1985, mjini Addis Ababa, Baraza la Mawaziri la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lilitangaza Antaktiki kuwa urithi wa pamoja wa binadamu wote. Mwaka huohuo, kwa msukumo wa nchi za Afrika, Baraza Kuu likataka utawala wa ubaguzi utolewe katika mikutano ya nchi zenye mamlaka chini ya mkataba. Haukutolewa. Lakini hilo ndilo lililokuwa dai letu, nalo lilitolewa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona theluji ila katika friji. Hawakuhitaji kwenda kuona ndipo wadai. Walijua kwamba haki haianzii machoni.

Wenzangu wamelichukua dai hilo la 1985, lililokuwa la mabara, wakalishusha hadi likawa la mtu mmoja mwenye kadi ya benki. Urithi wa pamoja umegeuka kuwa nafasi ya pamoja katika foleni ya wanunuzi. Ikiwa Mwafrika mmoja katika milioni moja atapata chumba katika meli ile, je, bara lake limepata nini? Tiketi humpa mtu haki ya kupita. Mwenye tiketi hadai, anashukuru.

Nimesema hoja yao ina nusu ya kweli, nami sina haki ya kuiruka. Kweli ni hii: maneno ya hifadhi yametumika mara nyingi kumfukuza Mwafrika, na kila anapoanza kuwa na uwezo wa kufika mahali, huibuka mtu wa kumwambia kwamba mahali hapo pamechoka. Wamaasai wameambiwa hivyo tangu 1959 hadi leo. Basi mimi, mwenye shahada ya uzamivu niliyoipata Ujerumani, niliyewahi kucheza kwenye theluji ya Bavaria kama mtoto, nina uso gani wa kumwambia muuguzi wa Soweto aliyeweka akiba miaka kumi kwamba asiende? Sina. Simwambii asiende. Ninachomwambia, na ninachowaambia wasomi wenzangu kwa sauti kubwa zaidi, ni kwamba asiite kwenda kwake ukombozi, na sisi tusimwandikie insha za kumwambia hivyo.

Maana biashara yenyewe ni nini? Mwaka 1966 Lars-Eric Lindblad alipeleka Antaktiki kundi la watalii zaidi kidogo ya hamsini. Katika msimu wa 2023–24 walioingia katika maji yale kwa utalii walizidi 120,000, wengi wao wakijazana katika rasi moja, ile inayotazamana na Amerika ya Kusini, ambako barafu inapungua na joto limepanda kwa kasi. Kanuni zipo, na zingine ni nzuri: watu wasiozidi 100 ufukoni kwa wakati mmoja, meli yenye abiria zaidi ya 500 isiteremshe mtu, na mafuta mazito ya meli yamepigwa marufuku huko tangu 2011. Wahudumu wa meli husugua viatu vya abiria kwa brashi na dawa ili wasibebe mbegu ngeni. Sikatai bidii hiyo. Lakini hakuna brashi ya kusugua masizi. Watafiti waliopima theluji ya rasi ile walichapisha mwaka 2022 kwamba masizi meusi yalikuwa mengi zaidi karibu na vituo na mahali meli zinaposhusha watalii, na theluji iliyochafuka hunyonya joto la jua na kuyeyuka upesi. Vipeperushi huhimiza: njoo uone kabla hapajatoweka. Anayefika kuaga ni miongoni mwa wanaoharakisha mazishi.

Sasa nirudi kwenye swali la mama: unakwenda kwa nani? Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hakuna mtu, nikadhani nimesema hakuna uhusiano.

Kuna mnyama anayesafiri kati ya barafu ile na pwani yetu kila mwaka, naye anastahili neno safari kuliko abiria yeyote. Nyangumi wenye nundu hushiba uduvi katika maji ya Antaktiki wakati wa kiangazi cha kusini, kisha hupanda kuja kuzaa katika maji ya joto ya Msumbiji, Tanzania na Kenya. Kuanzia Julai hadi Oktoba huonekana Watamu, Unguja na Mafia, mama na ndama wake. Wanakuja kwa sababu. Wavuvi wetu walikuwa wakiwaona kabla ya kuwapo dirisha lolote la Rosebank, wala hawakuhitaji koti jekundu.

Njia ya nyangumi hao inapita Durban, na Durban iliigeuza njia hiyo kuwa machinjio. Tangu 1908 hadi 1975 nyangumi waliburutwa hadi kwenye kilima cha Bluff, wakachunwa, mafuta yao yakawa majarini na sabuni. Wenye nundu ndio walioisha kwanza, kwa kuwa wanapita karibu na pwani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kampuni moja ya Durban ilikuwa na meli-kiwanda yake, Abraham Larsen, iliyokwenda kuwafuata nyangumi hadi Antaktiki yenyewe, mpaka ilipouzwa Japani mwaka 1957. Katika karne nzima ya 20, nyangumi waliouawa katika nusu ya kusini ya dunia hukadiriwa kufika milioni 2.

Na ni nani aliyekuwa akiishi juu ya kilima hichohicho cha Bluff, mahali paitwapo Kings Rest? Wazanzibari. Ndivyo walivyoitwa, ingawa wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji: watu waliotolewa na manowari za Waingereza katika majahazi ya watumwa, wakapitishwa Unguja, wakapelekwa Natal kuanzia mwaka 1873 kufanya kazi kwa mikataba. Walijenga msikiti, wakazika wafu wao, wakatunza lugha yao. Kwa zaidi ya nusu karne harufu ya nyangumi wa kusini ilikuwa ikiwapuliza nao wakisali. Serikali ya ubaguzi, isiyojua iwaweke kundi gani, iliwaandika kuwa Waasia wengineo, na katika miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth ili Bluff ibaki ya Wazungu. Sidai kwamba historia yao ni historia ya Antaktiki. Nasema tu kwamba kilima kimoja kilibeba mambo mawili ambayo kipeperushi hakiwezi kuyabeba: mafuta ya Bahari ya Kusini, na watu wa pwani yetu ambao hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi.

Ndiyo maana lile neno "bara lisilo na mtu" linanichoma. Ni kweli kwamba halina mwenyeji. Lakini limefungwa kwetu kwa kamba nyingi: kwa nyangumi, kwa upepo wa kusi unaozaliwa kusini mwa Bahari ya Hindi, kwa maji ya bahari yatakayopanda Mikindani na Lamu barafu ile ikizidi kuyeyuka. Anayekufuata hadi mlangoni hahitaji umtembelee ndipo ujue kwamba yupo.

Na hata tunapofika huko kwa kazi halisi, hadithi hutolewa mikononi mwetu. Machi 2022, meli ya utafiti ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II, iliipasua barafu ya Bahari ya Weddell, na waliokuwa ndani yake wakaipata Endurance, meli ya Shackleton iliyozama 1915, ikiwa imelala kwenye kina cha mita 3,008. Nahodha wa S.A. Agulhas II alikuwa Knowledge Bengu, Mwafrika mweusi. Niliwauliza wanafunzi wangu 34 wa mwaka wa tatu, hapa Johannesburg, kama wanamjua Shackleton. Waliinua mikono 11. Nilipouliza juu ya Bengu, ulibaki mkono mmoja, na mwenye mkono huo alikuwa na mjomba bandarini. Ikiwa tunatafuta sura nyeusi barafuni ya kuandikia insha, ipo, imevaa sare, inashika usukani. Haikununua tiketi.

Dai basi lipelekwe panapostahili. Afrika Kusini huru ilirithi kiti cha makaburu, nacho ni kiti chenye uzito usio wa kawaida, kwa kuwa maamuzi ya mkataba ule hupitishwa kwa makubaliano ya wote; neno moja la "hapana" hutosha kusimamisha jambo. Tangu mkutano wa Helsinki wa mwaka 2023 nchi wanachama zimekuwa zikijadili kanuni mpya za utalii. Cape Town, kwa upande wake, ni mojawapo ya milango mitano ya dunia kuelekea Antaktiki, na mlango hupenda wapitaji. Novemba 2021 ndege kubwa aina ya Airbus A340 iliruka kutoka jiji hilo ikatua kwenye uwanja wa barafu, na watu wakapiga makofi. Ningependa kusikia wasomi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wakiiuliza Pretoria: katika kiti hicho mnazungumza kwa niaba ya nani, ya Addis Ababa ya 1985 au ya gati la Cape Town? Ningependa kusikia vyuo vyetu vikiomba nafasi kwa wanafunzi wa sayansi ya bahari katika S.A. Agulhas II. Badala yake nasikia wenzangu wakinipongeza kwa kupewa koti.

Siku ya kumi niliijibu kampuni. Niliandika kwa adabu, kurasa mbili, nikaeleza habari za suheli, za Sofala, za nyangumi na Kings Rest, nikasema kwamba nikizungumza melini nitayazungumza haya, na kwamba kwa hiyo afadhali nisiende. Majibu yalikuja baada ya saa moja. Walinishukuru kwa mawazo yenye kusisimua. Kisha wakauliza kama ninamfahamu mwenzangu mwingine, ikiwezekana anayetoka Zanzibar, ambaye ratiba yake ingeruhusu.

Ninamfahamu. Ni rafiki yangu, ana watoto wanne na mkopo wa nyumba, na angefurahi mno. Sijawajibu bado.